Choki Upande wa Mama

Watu wakiniuliza kwa nini niliweka choki ya kuvuta kwa mkono kwenye lori la baba, huwajibu kwamba ile ya zamani ilikufa. Ni kweli, ni jibu fupi, na mimi sipendi maswali nikiwa na grisi mikononi. Choki ya zamani ilikuwa ya kujiendesha yenyewe. Ndani yake mlikuwa na springi iliyojizungusha kama konokono. Injini ikiwa baridi, springi inafunga kilango cha hewa kwenye kabureta ili petroli iingie kwa wingi. Injini ikipata joto, inakifungua pole pole, na dereva hana habari. Springi hiyo ikakatika. Lori lenyewe ni kubwa kwangu kwa umri, na spea yake niliitafuta mji mzima nikaambulia kuchekwa.

Baba alikuwa dereva. Simaanishi tu kwamba alijua kuendesha. Mtaa mzima ulimwita Dereva, hata wale wasiojua kwamba ana jina jingine. Alibeba mchanga na matofali ya wajenzi kwa lile lori la petroli, boneti ndefu, milango ya chuma ambayo ukiifunga vibaya inakukata kidole. Asubuhi zetu ni za baridi ya kung'ata masikio. Baada ya springi kufa, alikuwa akipiga stata mpaka betri inalegea; lori linakohoa, linazima, linakohoa tena, na majirani wanachungulia madirishani wakiwa na miswaki mdomoni. Gereji yangu iko nyuma ya nyumba ya wazazi, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mimi ndiye niliyezisikia kelele hizo kuliko wote. Nikasema basi, jambo hili nalimaliza kwa kebo.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira, na subira mimi nilinyimwa. Niling'oa kikopo cha springi kwenye kabureta, mahali pake nikafunga mkono mdogo wa chuma wenye skrubu ya kubana waya. Kebo nilipata kwenye trekta bovu lililokuwa likioza uwanjani kwangu. Nikatoboa ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini, tundu nikalivalisha mpira ili bati lisije likaikata kebo, kisha nikaipitisha mbali na ekzosi, bila kona kali, maana kebo ikipindwa vibaya itakuja kukwama siku ya mvua ukiwa kilimani. Kishikio kikivutwa mpaka mwisho, kilango cha hewa kifunge kabisa. Kikisukumwa ndani, kifunguke kabisa, na waya ubaki na ulegevu kidogo. Nilivuta na kusukuma mara nyingi, kichwa kikiwa ndani ya boneti, mpaka nikaridhika.

Ugomvi ulikuja kwenye kutafuta mahali pa kuweka kishikio.

Hapa inabidi niseme habari za mama. Mwaka ule alikuwa ameanza kupanda lori kila asubuhi pamoja na baba. Huyu ni mama mwenye magoti mabovu, anayeguna akipanda kitanda chake mwenyewe, na sasa anaparamia lori kama kijana wa kupakia mizigo. Mtaa ulicheka weee. Wakampachika jina la Utingo. Wengine wakasema ni wivu wa uzeeni, kwamba amesikia mzee ana mtu wake huko machimbo ya mchanga, basi ameamua kumlinda. Mama hakujibu mtu. Mimi mwenyewe nilimtania, nikamuuliza kama ameshampata huyo mwenzake, akacheka kidogo na kufunga kitambaa chake kichwani vizuri zaidi.

Siku ile alisimama karibu na mlango wa lori akiniangalia nikipima dashibodi kwa kalamu.

"Weka huku kwangu," akasema.

Nikamweleza kwamba choki ni ya dereva, haiwekwi kwa abiria. Akasema bega la baba linamuuma. Nikamuuliza bega gani, mbona jana tu nimemwona akirusha matofali. Akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, na hivyo ndivyo mama anavyogombana. Utabishana naye mpaka ulimi ukauke, yeye anarudia tu. Mwishowe nikatoboa katikati, chini ya redio isiyolia, mkono wa yeyote kati yao uweze kufika. Niliona nimemdekeza.

Nikawaketisha kabini niwafundishe. Injini ikiwa baridi, vuta mpaka mwisho. Kanyaga mafuta mara moja, achia, piga stata. Ikiwaka, sukuma nusu. Ukifika kwenye lami, sukuma yote, usahau kama ipo. Baba alinitazama kwa dharau, akasema alikuwa akivuta choki za malori kabla mimi sijafikiriwa. Aliyeuliza maswali ni mama. Mtu atajuaje kama injini imepata joto? Na ikisahaulika itakuwaje? Nikamwambia ikisahaulika, petroli inazidi hewa, moshi unatoka mweusi, plagi zinavaa masizi, na ikiendelea hivyo petroli inateremka mpaka kwenye oili, inaiharibu, injini inaanza kujitafuna yenyewe kwa ndani. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa jinsi ya kunywa dawa kali, akaniomba nirudie. Nikarudia, nikiwa nimekunja uso.

Lori likawaka asubuhi kwa pigo moja. Majirani wakapumzika. Nilipofungua plagi wakati wa kubadilisha oili, ncha zake zilikuwa na rangi nzuri ya udongo mkavu, ishara kwamba injini inakula sawasawa. Nikajisifu kwa wateja wangu wote, hata wasiotaka kusikia.

Kisha mama akateleza bafuni, akavunjika kifundo cha mguu. Wakamfunga plasta mpaka gotini, wakamwambia asikanyage chini.

Haikupita muda lori likaanza kurudi likichechemea. Linamisi, linatingishika, linanuka petroli mpaka macho yanawasha. Nikafungua plagi: nyeusi tititi, zimelowa. Nikazisafisha, nikamkumbusha baba kuhusu choki, akasema sawa. Siku chache baadaye, hali ni ile ile. Safari hii nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakinusa, nikasikia petroli, na hapo nikapandwa na hasira. Nilimsemesha vibaya mbele ya wateja. Nikamwambia anaiua injini kwa ukaidi, kwamba anafanya makusudi kwa sababu choki imewekwa na mtoto wake wa kike. Baba alisimama akiipangusa mikono yake ambayo haikuwa na uchafu wowote. Akasema amesahau. Niliposikia neno hilo nikaliona ni kisingizio, nikaapa nitamkamata.

Asubuhi iliyofuata nikapanda naye, nikakaa kiti cha mama. Nikamdanganya kwamba nataka kusikiliza mlio.

Akavuta choki mpaka mwisho. Akakanyaga mafuta mara moja, akaachia, akapiga stata, lori likawaka. Mikono yake ilifanya yote hayo bila kukosea, kwa madaha hasa. Akaingiza gia, tukatoka. Kishikio kilikuwa kimetokeza nje chote, katikati yetu, nami nikakaa kimya kwa makusudi. Tukapita kwa kinyozi. Tukapita maduka ya mabati. Tukaingia kwenye lami, na kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweusi umetanda, mwendesha baiskeli anakohoa akitupungia ngumi. Baba anaendesha tu, uso mtulivu. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikakisukuma kishikio kwa kiganja hadi kikagonga.

Injini ikatulia. Baba hakugeuza uso.

"Hewaa," akasema. "Asante, Utingo."

Tukafika njia panda. Kushoto ni machimbo ya mchanga, kulia ni kwenye matofali. Baba akasimamisha lori, akaweka mkono juu ya gia, akanitazama. Hakunitazama machoni, alitazama kidevu changu. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Yeye alisubiri bila wasiwasi, kama mtu aliyezoea kusubiri jambo ambalo halijawahi kukosa kuja. Ndipo nikakumbuka kwamba mama hanyooshi kidole akielekeza mtu, huinua kidevu. Nikainua kidevu kushoto. Baba akakata kushoto, akaanza kupiga mluzi.

Niliogopa, nasema wazi niliogopa, na hofu ilipopungua nikajikuta nina hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa baba.

Mama alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, akikunja nguo zilizofuliwa. Nikafunga mlango. Nikamuuliza tangu lini. Hakujifanya haelewi swali. Akasema tangu kabla springi haijakatika. Mwanzoni ilikuwa njia tu zinampotea, akaona apande awe anamwelekeza, na watu waseme watakavyo. Afadhali waseme mkewe ana wivu kuliko waseme Dereva amechanganyikiwa. Ile choki ya zamani ilikuwa haimsumbui mtu, ilijikumbuka yenyewe. Nilipoleta ya kwangu ikawa kitu kingine tena cha kukumbuka, na hakuthubutu kuniambia nisiiweke, kwa sababu ningeuliza kwa nini.

Nilimwambia, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, kwamba ipo siku atagonga mtu. Kwamba walikuwa wakibeba tani za matofali mjini huku anayeendesha haoni njia na anayeona njia hajui breki iko wapi. Aliendelea kukunja shati la baba, akilinyoosha kola.

"Akiwa kwenye lori ananijua," akasema. "Ananitania, ananiita Utingo, anaongea na mimi kama zamani. Akishuka pale mlangoni, kuna siku ananiuliza kama nimekuja kufua nguo. Kuna siku anataka kunifukuza. Mwanangu, ukilichukua hilo lori umenichukulia mume."

Nikachukua shati jingine nikalikunja. Tukakubaliana kwamba mpaka plasta itakapotolewa, nitapanda mimi.

Nikawa Utingo. Nilifunga gereji asubuhi na kuifungua jua likiwa utosini, wateja wakanung'unika, wengine wakahama. Nilisukuma choki nusu kwenye lango, nikaisukuma yote kwenye lami, nikainua kidevu kushoto na kulia. Plagi zikarudi rangi yake. Siku zile, ukweli ni kwamba nilizipenda. Baba alinisimulia mambo ambayo hakuna baba anayemsimulia binti yake, akidhani anaongea na mama: jinsi alivyokuwa akipita mbele ya nyumba yao na lori tupu akijifanya ana kazi upande huo, jinsi mkwe wake alivyomkataa kwa sababu ya kunuka petroli. Siku moja akaniuliza kuhusu mimi mwenyewe.

"Yule binti yako ana hasira," akasema. "Sijui kazitoa wapi. Lakini ana mkono mzuri wa kazi."

Nikatazama nje dirishani mpaka tukafika machimboni.

Kisha ikaja asubuhi ambayo nilikuwa nimefungua giaboksi ya mteja, vipande vyote viko chini juu ya gunia, na mwenyewe amesimama kando yangu na saa mkononi. Nikapaza sauti juu ya ukuta, nikamwambia baba anisubiri kidogo. Akaitikia sawa. Nadhani alimaanisha. Nilisikia stata ikipigwa, nikasikia lori likiwaka, na nilipofika langoni na mikono inayochuruzika oili, niliona moshi tu.

Nilizunguka na pikipiki ya jirani machimboni, kwenye matofali, kila njia niliyowahi kuinulia kidevu. Simu ikapigwa mchana. Waliopiga walisoma namba ya gereji yangu iliyoandikwa mlangoni mwa lori. Baba alikuwa mwisho mwingine wa mji, kwenye mtaa ambako wazazi wangu walipanga chumba walipooana, kabla mimi sijazaliwa. Nyumba ile imevunjwa zamani, sasa pana duka la dawa. Lori lilikuwa limepanda ukingo wa barabara, tairi la mbele juu ya kizingiti cha duka, na watoto waliotoka shule walikuwa wakipita kwa kujibanza kati ya bampa na ukuta. Baba alikuwa ndani anapiga honi. Mwenye duka akaniambia amekuwa akipiga hivyo tangu asubuhi, na akiulizwa anasema hawezi kuondoka, mke wake anavaa, ni bibi harusi na mabibi harusi huchukua muda. Injini ilikuwa imezimwa na masizi ya plagi. Choki ilikuwa nje yote. Honi nayo ilikuwa inakata roho kwa sababu betri ilikuwa imebaki na punje tu ya moto.

Mwanamke mmoja alikuwa amemshika mtoto wake kwa kumkumbatia kichwa. Mtoto hakuwa na jeraha lolote, alikuwa hata analia kwa sababu anabanwa. Yule mwanamke alinitazama tu. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Nikafungua mlango wa lori. Baba aliponiona uso ukamkunjuka.

"Afadhali umekuja, fundi," akasema. "Haiwaki."

Akachomoa ufunguo mwenyewe, akanikabidhi mkononi bila mimi kuuomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa mapambano njia nzima, nimepanga hadi maneno. Sikuhitaji hata moja.

"Itakuwa tayari lini?" akauliza.

"Kesho kutwa, mzee."

Nilimwita mzee, mimi niliyemwita baba maisha yangu yote, na hakushtuka.

Lori nililivuta mpaka uwanjani kwangu, nikaliacha nyuma kabisa, karibu na lile trekta. Mama hakunigombeza. Alisikiliza habari yote, ya duka la dawa, ya watoto, ya bibi harusi. Aliposikia la bibi harusi akajifunika uso kwa nguo aliyokuwa anaikunja. Kisha akasema nimefanya sawa. Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kofi. Ningefanya tena hata leo, nataka hilo lieleweke. Nimeona lile pengo kati ya bampa na ukuta, na mikoba ya shule ikisugua chuma. Lakini kufanya sawa hakukunipa usingizi.

Plasta ilipotolewa, kitu cha kwanza alichofanya mama ni kumshika baba mkono na kumleta uwanjani, yeye akitembelea mkongojo. Nikamsaidia mama kupanda. Wakakaa kabini, kila mtu mahali pake. Nikawaacha, nikajitia hamnazo na gari la mteja. Muda si muda baba akashuka. Alikuja mpaka kwangu kwa heshima, akaniambia lori lile ni bovu, na kwamba yule mama aliyeko ndani anahitaji msaada wa kushuka.

Tangu hapo mama hajajaribu tena. Baba hana fujo. Anakula vizuri, anaoga akiambiwa, anashukuru kwa kila kitu, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Asubuhi nakwenda kunywa chai nao kabla ya kufungua gereji, maana saa hizo ndizo ngumu kwa mama, akimwona baba anatazama dirishani na kupapasa mfuko aliokuwa akiweka ufunguo wa lori.

Wiki hii, nilikuwa nimekaa nao mezani. Baba alimtazama mama akimpakia mkate siagi, akamtazama kwa muda, kisha akamuuliza kwa adabu kama ana mume.

"Ninaye," mama akasema.

"Mbona simwoni?"

"Ni dereva. Amesafiri."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaelewa kabisa. Akausogeza mkono wake mezani mpaka karibu na wa mama, ila hakuugusa, kwa kuwa ni mke wa mtu.

"Usiwe na wasiwasi, mama," akamwambia. "Sisi watu wa malori tunachelewa, lakini tunarudi."

Mama akasema anajua. Akamsogezea kikombe, akamwambia anywe chai isije ikapoa.